Uzi maalumu: Kabaini ya risasi za bastola kwa tulioko Marekani. Ipi ya shabaha, ipi ya porini, na nini cha kubadilisha

#1 Mleta uzi (Columbus, Ohio)

Wakuu, habari za saa hizi.

Kila msimu wa kulungu ukikaribia, ujumbe unaonifikia ni uleule: "Kaka, nimeona kabaini ya 9mm dukani, bei nzuri, risasi zake rahisi. Nikiichukua si ndiyo nitawindia pia?" Nimeona niweke majibu hapa yasomwe na wote, maana watu wetu wanazidi kuingia kwenye mchezo huu na pesa nyingi zinaishia kwenye vitu visivyo na kazi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kama unataka bunduki MOJA ya kuchezea shabaha na kuingia nayo porini, chukua ya .357 Magnum yenye wenzo wa kukokea chini ya mkono. Ya 9mm ni bunduki nzuri sana ya shabaha, lakini kulungu muache.

Kwa wageni wa mada: kabaini ya risasi za bastola ni bunduki fupi ya begani inayokula risasi zilezile za bastola. Wazo lenyewe ni la zamani. Winchester walitoa modeli ya 1873 ikitumia risasi ya .44-40, na mwaka 1878 Colt wakaanza kutengeneza bastola yao ya kuzungusha kwa risasi hiyohiyo. Mtu wa mashambani kule magharibi akawa anabeba aina moja ya risasi kwa silaha mbili. Winchester ya 1892 iliyobuniwa na John Browning ndiyo iliyofuata, na mpaka leo Rossi wa Brazil wanatengeneza nakala yake. Ukiingia duka lolote kubwa la silaha hapa Ohio una nafasi nzuri ya kuikuta imesimama ukutani pamoja na Marlin 1894 na Henry Big Boy.

Sasa tuingie kwenye sababu ya kuipendelea .357, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Wengi hudhani mtutu mrefu unaongeza nguvu kwa kila risasi kwa kiwango kimoja. Sivyo. Ganda la 9mm ni fupi na lina baruti kidogo inayowaka haraka. Ikitoka kwenye bastola, kichwa cha 115 grain (kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) hukimbia karibu mita 360 kwa sekunde. Kwenye mtutu wa inchi 16 unapata kama mita 395. Umeongeza kitu, ila si kikubwa. Ganda la .357 lina nafasi kubwa na baruti inayowaka taratibu zaidi, kwa hiyo kwenye mtutu mrefu gesi inaendelea kusukuma. Kichwa cha 158 grain kinachotoka kwenye bastola ya inchi 4 kwa takribani mita 380 kwa sekunde kinafika karibu mita 550 kwenye kabaini. Kwa hesabu ya nguvu, umetoka kwenye joule 740 hivi mpaka 1,500 na ushee. Nguvu imezidi maradufu, na risasi ni ileile uliyoitoa kwenye boksi lilelile.

Halafu kuna sheria. Ohio, raifo ya kuwindia kulungu lazima iwe ya risasi yenye ganda lililonyooka, yaani lisilobanwa shingoni, kuanzia kipenyo cha inchi .357 mpaka .50. Kichwa cha 9mm kina kipenyo cha .355. Hapo mjadala umekwisha kabla hata hujafika porini.

Nitaendelea kwenye marekebisho. Mwenye swali aulize.

#2 Mchangiaji (Des Moines, Iowa)

Shukrani mkuu kwa kutuletea mada hii. Mimi nimetokea Uvira, nimekuja kama mkimbizi. Kuna jamaa kanisani kaniambia asiye raia haruhusiwi kabisa kugusa bunduki Marekani. Ni kweli? Na hilo la ganda lililonyooka linatokana na nini?

#3 Mleta uzi

Karibu sana ndugu yangu. Swali la kwanza ni zito, acha nilijibu kwa uangalifu.

Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliye nchini kwa viza ya muda, yaani mwanafunzi, mtalii, mfanyakazi wa mkataba, isipokuwa awe na kigezo cha kumtoa kwenye katazo hilo, na kimojawapo ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote. Mwenye green card haguswi na katazo hilo. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi naye hakuingia kwa viza ya muda, kwa hiyo halimgusi. Asiye na hali halali ya ukaaji haruhusiwi kabisa. Dukani utajaza fomu 4473 ya ATF (idara ya shirikisho inayosimamia silaha), kisha jina lako linapita kwenye ukaguzi wa FBI. Jaza ukweli mtupu. Kudanganya kwenye fomu ile ni kosa la jinai, na kwa asiye raia linaweza kumfukuzisha nchini. Kabla ya kununua, peleka karatasi zako za uhamiaji kwa mwanasheria azione, maana majimbo mengine yanaongeza masharti yao.

Mambo mawili hapohapo, maana nimeona watu wetu wakiyachezea. Usimnunulie mtu mwingine bunduki kwa jina lako kwa pesa yake, hata awe shemeji. Na usithubutu kuweka bunduki wala risasi kwenye kontena la kutuma nyumbani. Kusafirisha silaha nje bila kibali ni jinai ya shirikisho huku, na bandarini Dar au Mombasa inakusubiri jinai nyingine.

Sasa swali lako la pili, la ganda. Majimbo haya ya kati ni tambarare, mashamba ya mahindi na nyumba zimetawanyika. Zamani kulungu walipigwa kwa shotgun ya slug (risasi moja nzito) peke yake, kwa sababu risasi ya raifo ya kawaida ikikosa inaweza kwenda mbali mno. Risasi za ganda lililonyooka hupoteza kasi mapema zaidi, na hazimpigi mwindaji bega kama slug. Indiana walifungua mlango mwaka 2007, Ohio 2014, Iowa 2017. Kusini mwa Michigan nako ziliruhusiwa, ila wao walipima mpaka urefu wa ganda. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo kila mwaka pakua kitabu cha kanuni cha jimbo lako usome mwenyewe.

#4 Mchangiaji (Houston, Texas)

Mleta mada umeionea 9mm. Nina Ruger PC Carbine na sijawahi kufurahia silaha kama ile. Nafanya nayo mashindano kila mwezi. Tupe na sisi wa shabaha haki yetu.

#5 Mleta uzi

Mkuu, haki yako hii hapa, na naitoa kwa moyo mweupe.

Ruger PC Carbine kwa shabaha ni chaguo la akili. Inagawanyika vipande viwili ikaingia kwenye begi la mgongoni. Inakula magazini za Ruger, na ukibadilisha sehemu ya kupachikia inakula za Glock, kwa hiyo mwenye bastola ya Glock 17 tayari ana magazini. Kishikio cha kukokea kinahamishika kwenda kushoto, mashoto wamekumbukwa. Renji nyingi za ndani zinazokataa raifo zinaikubali, na hilo kwenye baridi ya Januari huku ni neema. Mashindano nayo yapo: USPSA, chama cha mashindano ya shabaha Marekani, walifungua daraja la kabaini za bastola mwaka 2016, na tangu hapo limejaa wazee, kina mama na vijana wadogo, kwa sababu bunduki ya begani inamsamehe mtu ambaye mikono yake haijatulia kwenye bastola.

Kitu kimoja kinachowashangaza wengi: mbona 9mm ya begani inarusha bega kuliko walivyotegemea? Ni kwa sababu nyingi ya hizi hazina kufuli. Kinachozuia ganda lisitoke mapema ni uzito wa boliti (chuma kinachofunga nyuma ya risasi) na springi basi. Chuma kile kizito kinarudi nyuma kwa kishindo na kurudi mbele kwa kishindo. Ruger wameweka kipande cha tungsten ndani ya boliti kupunguza mtikisiko. CMMG, kiwanda kingine, wao wameweka boliti inayozunguka ili kuchelewesha kufunguka, ndiyo maana inatulia zaidi na bei yake iko juu.

Marekebisho kwa 9mm ya shabaha: anza na kioo cha nukta nyekundu, unaweka nukta juu ya shabaha na kupiga. Baada ya hapo, kitako kinacholingana na mkono wako. Kisha kifyatulio, kama cha kiwandani kinakuvutia nje ya shabaha. Baada ya hapo pesa yote iliyobaki nunua risasi. Vile vishikio vya mbele vyenye pembe, mipako ya rangi na tochi mbili mbili havijawahi kumsogeza mtu nafasi moja kwenye matokeo.

#6 Mchangiaji (Columbus, Ohio)

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Lamu. Naomba kuuliza upande wa dini: kulungu akifa kwa risasi kabla sijamfikia, nyama yake nawapa watoto?

#7 Mleta uzi

Waalaykumu salaam. Mimi si shehe, nakwambia lile nililofundishwa na masheikh wetu hapa. Wanazuoni wengi wa sasa wanahesabu risasi inayotoboa mwili kuwa chombo cha kuwindia, kwa hiyo taja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua. Ukimfikia angali hai, mchinje kama kawaida. Ukimkuta amekufa kwa risasi hiyo, ni mawindo halali. Muulize imamu wako akutulize moyo kabla ya msimu, usingoje mpaka mnyama yuko chini na kisu kiko mkononi.

Na hapa ndipo dini na ustadi vinapokutana, kwa sababu vyote viwili vinadai mnyama asiteseke. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu wa huku ina upana wa kama inchi 8. Kama huwezi kuweka risasi zako zote ndani ya sahani ya ukubwa huo, ukiwa umepiga goti, moyo unakwenda mbio na vidole vimekufa ganzi, basi umbali ule si wako. Kwa .357 mimi sivuki yadi 100. Ukiiweka shabaha sawa kwenye yadi 100, kwenye 150 risasi imeshuka inchi 6 hivi, na kwenye 200 imeshuka futi moja na nusu. Nguvu nayo imeshapungua. Anayekuambia anapiga kulungu yadi 200 kwa .357 msikilize kwa adabu, kisha usimfuate.

Anayetaka nafasi zaidi achukue .44 Magnum. Kichwa cha 240 grain kwenye kabaini kina joule zaidi ya 2,000. Ila bega litajua, na boksi la risasi litajua zaidi.

#8 Mchangiaji (Minneapolis)

Sasa tuambie marekebisho ya hiyo ya wenzo. Nimenunua Rossi 92 ya .357, mtutu inchi 16. Nataka niweke darubini ila fundi wa dukani anasema haiwezekani.

#9 Mleta uzi

Fundi wako amesema kweli nusu. Winchester 92 na Rossi hutema ganda kwa juu. Ukiweka darubini juu ya boliti, ganda linagonga kioo na kurudi ndani. Marlin 1894 mgongo wake umefunikwa na ganda linatoka kwa kando, ndiyo maana Marlin inakubali darubini bila taabu. Kwa Rossi unaweza kuweka reli fupi mbele, juu ya mtutu, ukafunga nukta nyekundu ndogo pale.

Lakini nikushauri kitu cha bei nafuu zaidi: toa ile sati (kilengeo) ya nyuma yenye mfuo wa V, weka ya tundu. Macho ya mtu mzima hayawezi kuona sati ya nyuma, ya mbele na mnyama kwa wakati mmoja. Sati ya tundu inaondoa kimoja. Unachungulia tu ndani ya tundu, jicho lenyewe linatafuta katikati bila kuamriwa, wewe unashughulika na sati ya mbele peke yake. Nyingi zina kiduara kidogo cha kufungua kwa skrubu. Renjini kiache kwa usahihi. Porini kitoe, ubaki na tundu kubwa, utashangaa mwanga wa alfajiri unavyoingia. Mwanga huo ndio wenyewe, maana Ohio saa za kuwinda zinaanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza.

Kurekebisha: sati ya nyuma ihamishe kule unakotaka risasi iende. Risasi inapiga kushoto? Sogeza kulia. Anza yadi 25, kisha 50, kisha 100. Ukianza moja kwa moja na 100 unaweza kumaliza boksi zima hujui risasi zimeingia wapi.

Sasa shika Rossi yako, jaza risasi moja kupitia kile kimlango cha ubavuni. Umesikia kingo zake zinavyong'ata dole gumba? Nyingi ziko hivyo kutoka kiwandani. Kifungue, chukua msasa laini, pitisha kwenye kingo za ndani mpaka kidole kipite bila kukwaruzika. Usile chuma kingi, unaondoa ukali tu. Kisha sukuma risasi mpaka karibu na mwisho lakini usiiache kimlango kifunge, iache ichungulie, uisukume kwa pua ya risasi inayofuata. Ya mwisho ndiyo unaizamisha yote. Ukizoea unajaza bila kutazama.

Pia kile kisukumio cha plastiki ndani ya magazini ya bomba watu wengi wanakibadilisha na cha chuma. Kazi ya dakika chache, bei ndogo. Zungushia wenzo kamba ya ngozi, maana wakati wa baridi chuma kitupu kinakupiga vifundo vya vidole. Weka mkanda wa bega. Mpira wa kitako ni muhimu, kwani bati la kiwandani linaumiza ukipiga magnum nyingi. Springi laini zipo, zinapunguza ugumu wa kukoki, ila zijaribu na aina zote za risasi zako kabla ya kuziamini, kwa sababu springi dhaifu ya nyundo inaweza kushindwa kulipua fataki ngumu, yaani kile kidonge cha kuwasha baruti kwenye kitako cha ganda.

Mipaka ya marekebisho muielewe wote. Mtutu usiwe chini ya inchi 16, na bunduki nzima isiwe chini ya inchi 26. Ukishuka hapo bila usajili umeingia kwenye sheria ya shirikisho ya 1934, ambayo ndiyo hiyohiyo inayosimamia viwambo vya kuzuia sauti. Na kifaa chochote unachouziwa mtandaoni cha kufanya bunduki imwage risasi mfululizo, funga ukurasa uende zako. Watu wamefungwa kwa kipande cha plastiki kidogo kuliko kidole.

#10 Mchangiaji (Nairobi)

Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo nasoma tu kama mtalii. Lakini si ni bunduki za wenzo hizi hizi ambazo Roosevelt alikuja nazo Mombasa 1909?

#11 Mleta uzi

Ndugu wa Nairobi, umenikumbusha jambo zuri. Alikuja na Winchester ya 1895, nayo ni ya wenzo, lakini si ya risasi za bastola. Ile ilikuwa .405, risasi kubwa ya raifo, na aliisifia sana kwa simba. Magazini yake ni ya kisanduku, siyo bomba chini ya mtutu. Tofauti hiyo ina maana hata leo: kwenye bomba risasi zimepangana pua kwa kitako, pua ya moja inagusa fataki ya iliyo mbele yake. Pua kali ya chuma ikishtuka inaweza kulipua iliyo mbele. Kwa hiyo kwenye Rossi, Marlin na Henry tumia vichwa bapa, au zile za Hornady zenye ncha ya mpira zilizotengenezwa kwa ajili ya bomba.

#12 Mchangiaji (Des Moines, Iowa)

Risasi gani hasa ya kununua mkuu? Dukani ziko za aina nyingi, nimechanganyikiwa.

#13 Mleta uzi

Swali la msingi kabisa hili.

Kwa mnyama: 158 grain yenye pua laini ya madini ya risasi iliyo wazi kidogo, au 180 grain ya madini magumu ya risasi yaliyomiminwa. Kaa mbali na zile 125 grain zenye tundu puani. Zimeundwa kufunguka kwa kasi ya bastola. Ukizitoa kwenye kabaini zinazidi mita 600 kwa sekunde, zinapasuka juujuu kwenye bega la mnyama bila kuingia ndani. Mnyama anakimbia na jeraha baya, nawe unapoteza mchana mzima ukifuata damu.

Kwa mazoezi: .38 Special. Chemba (sehemu risasi inapokaa) ya .357 inaikubali, lakini kinyume chake hapana, na watengenezaji walipoitoa .357 mwaka 1935 waliirefusha ganda makusudi isiingie kwenye bastola za .38. Kwenye kabaini .38 haina teke, na nyingi ziko chini ya kasi ya sauti, kwa hiyo hata mtoto wa miaka 12 anayefundishwa hashtuki. Vaa kinga ya masikio hata hivyo. Kanuni ya Ohio pia ikumbuke mazoezini: ukiwinda kulungu, risasi tatu tu ndani, chemba na magazini zikijumlishwa. Jizoeze kupiga, kujaza moja kupitia kimlango, kupiga tena.

#14 Mchangiaji (Minneapolis)

Nimepiga .38 kama boksi mbili leo, nikageukia .357 zikawa zinaingia kwa ugumu, na ganda linatoka kwa kung'ang'ania. Bunduki imeharibika?

#15 Mleta uzi

Haijaharibika mkuu, simama hapohapo usiendelee kupiga magnum. Ganda la .38 ni fupi kwa zaidi ya milimita 3, kwa hiyo masizi na mabaki ya madini ya risasi yanajikusanya kama pete ndani ya chemba, pale lilipoishia. Ganda refu la .357 linakuja kubanwa na pete hiyo, na shinikizo linapanda.

Hakikisha haina risasi, fungua wenzo, tia mafuta ya kusafishia ndani ya chemba uache yaloweke robo saa. Chukua brashi ya shaba ya chemba, ukikosa tumia ya .40 badala ya .38 ili ibane vizuri, izungushe palepale penye pete usiishie kuisukuma na kuivuta. Pangusa kwa kitambaa mpaka kitoke cheupe. Kisha dondosha risasi moja ya .357 ya bandia: ikiingia kwa uzito wake mpaka mwisho, rudi renjini.